Cheche kubwa, mlima uleule: kisa cha Peugeot 504 iliyobadilishiwa mfumo wa moto

Pikapu yenyewe ni Peugeot 504 ya petroli, injini ya lita 1.8, mojawapo ya zile zilizounganishwa Mombasa na ambazo hadi leo zinabeba vitunguu, mbuzi na mitungi ya maji mahali ambapo mwenye gari jipya hathubutu kulipeleka. Mwenyewe ni mzee anayenunua kabeji na nyanya upande wa Naivasha. Akishapakia anashuka hadi Mai Mahiu, anaukabili ukuta wa Bonde la Ufa kwa barabara ile nyembamba iliyojaa malori hadi Rironi, kisha anateremkia soko la Marikiti jijini Nairobi. Mlima huo ndio kipimo chake cha afya ya gari. Pikapu ikipanda kwa gia ya tatu bila kukohoa, mambo ni sawa.

Alikuwa ameuziwa seti nzima ya kuboresha moto: moduli ya sumaku inayokaa ndani ya distributa (kigawa-moto cha plagi) mahali pa pointi, zile swichi ndogo za chuma zinazokata umeme wa koili, koili nyekundu ya kukuza volti iliyoandikwa 40,000, plagi za ncha nne, na waya nene za plagi za rangi ya buluu. Aliambiwa gari litavuta zaidi na petroli itapungua. Fundi wa mtaani kwake akafunga vyote kwa siku moja. Wiki chache baadaye mzee alikuja na malalamiko yaliyopangika vizuri kuliko ya wateja wengi. Asubuhi ya baridi gari linashika upesi kuliko zamani. Kwenye tambarare linaenda, ila petroli imeongezeka: lita moja iliyokuwa ikimpeleka kilomita 8 sasa inampeleka 7 hivi. Mlimani, injini ikishapata joto na mzigo uko nyuma, inapiga misi (silinda inaruka zamu bila kuwaka) na kulegea hadi anarudi gia ya pili. Na redio inachemka kama mafuta ya maandazi.

Fundi wa kwanza alikuwa amehukumu kwamba koili ni feki. Huenda, koili feki zipo. Lakini koili feki peke yake haielezi malalamiko yote haya. Ukisikiliza malalamiko haya vizuri utaona kila moja lina mahali pake: kuwaka asubuhi, tambarare, mlima, redio. Injini inaonyesha hali tofauti mahali tofauti, na hali hizo ndizo ramani ya kutafuta kosa.

Kwanza tuiweke sawa hesabu ya volti, maana ndiyo inayouza seti hizi. Koili haitoi volti 40,000 kwa sababu imeandikwa 40,000. Volti hupanda mpaka pale inapotosha kuruka pengo la plagi, kisha cheche inatokea na volti inaanguka. Pengo likiruka kwa volti 12,000, basi koili ya 20,000 na koili ya 40,000 zote zitatoa 12,000. Ile ziada ni akiba tu, ya siku ambapo pengo limepanuka au plagi imelowa. Cheche ni kiberiti: jiko lenye kuni kavu likishawaka kwa njiti moja, kuliwasha kwa njiti kumi hakulifanyi liive haraka. Kama mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuwa ukiwaka kila mara kwa pointi za zamani, moduli haina nguvu mpya ya kukuletea.

Kuna injini ambazo seti hizi zilizisaidia kweli. Pikapu za Kimarekani zenye V8 zina silinda nane zinazogombania koili moja. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, koili hiyo inatakiwa kutoa cheche 333 kila sekunde, yaani ina milisekunde 3 tu kati ya cheche na cheche za kujijaza upya. Hapo pointi zinashindwa, na ndiyo maana Chrysler iliziacha kwenye magari yake ya mwaka 1973 na General Motors ikafuata kwenye ya mwaka 1975. Injini ya silinda nne ya 504 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika ina milisekunde 7.5 kati ya cheche mbili. Koili inajaa kwa raha. Faida ambayo mwenye 504 anaipata kwenye moduli ni kwamba haichakai kama pointi, kwa hiyo taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, haitembei kidogo kidogo kila mwezi. Hiyo ni faida kubwa kwangu. Haiandikwi kwenye boksi kwa sababu haiuzi.

Basi tukaanza na umeme, kwa kuwa misi ya mlimani ilikuja injini ikishachemka.

Koili ya pikapu hii inalishwa kupitia rezista ya kauri, kile kijiti cheupe cha kupunguza umeme kilichofungwa pembeni, chenye omu 1.5. Koili nyekundu nayo ilipimwa ikatoa omu 1.5. Waya mwekundu wa moduli fundi alikuwa ameufunga kwenye upande chanya wa koili, mahali pa karibu na rahisi, baada ya rezista. Karatasi ya seti inasema moduli isipewe chini ya volti 8. Injini ikinguruma, mita ilionyesha volti 9.4 pale kwenye koili, na hapo ndipo fundi alipotosheka akafunga boneti.

Mita ya kawaida hutoa wastani. Moduli inapofunga njia ili koili ijae, umeme unapita kwenye rezista na kwenye koili, zote mbili za omu 1.5, kwa hiyo volti inagawanyika karibu nusu kwa nusu. Moduli inapofungua, hakuna umeme unaopita na volti inarudi juu. Mita inaona mchanganyiko wa hizo mbili na kukupa 9.4. Moduli haiishi kwenye wastani. Tulizima injini, tukaigeuza kwa mkono mpaka moduli ikafunga, swichi ikiwa imewashwa, na mita ikasoma 6.1. Kila mara koili ilipokuwa inajazwa, moduli ilikuwa inapewa chini ya kile inachohitaji kufanya kazi. Tatizo jingine lilikuwa swichi ya ufunguo: betri ilikuwa na 12.6 na umeme ulifika kwenye rezista ukiwa 11.4. Zaidi ya volti moja ilikuwa imepotea kwenye swichi ya kizee na maungio yenye kutu. Na ndani ya distributa, kile kiwaya chembamba cha athi (njia ya umeme kurudi kwenye mwili wa gari) kinachounganisha sahani ya juu na mwili wa distributa kilikuwa kimebaki nyuzi tatu. Sahani hiyo inazungushwa mbele na nyuma na mfuko wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Kila inapozunguka, athi ya moduli inatetemeka.

Karibu na gereji palikuwa na mashauri mengi, na la kwanza lilikuwa ni kuitoa rezista kabisa. Ni shauri linalosikika la busara mpaka upige hesabu. Koili ya omu 1.5 ikipewa volti 13.8 bila rezista inavuta ampia 9.2. Ikiwa na rezista inavuta 4.6. Moduli ndogo za aina hii hazina akili ya kuzuia ampia zenyewe. Zingeweza kuungua, na koili ingechemka hadi mafuta ya ndani yavuje. Tulichofanya ni kutenganisha kazi mbili. Rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ikafungwa, inayochukua umeme moja kwa moja kutoka betri na kuamshwa na swichi ya zamani. Kutoka kwenye rilei hiyo moduli ikapata waya wake wenye volti kamili, na koili ikaendelea kula kupitia rezista. Kiwaya cha athi kikabadilishwa kwa kipande kinachopindika kwa urahisi. Kondensa ya zamani, ambayo fundi aliiacha ikining'inia kwenye upande hasi wa koili, ikatolewa. Ilikuwa ya kulinda pointi, na pointi hazipo tena.

Misi ya joto ikapungua sana. Nguvu haikurudi.

Hapo sikuhitaji kwenda Mai Mahiu kujua kinachofuata. Injini isiyopiga misi lakini imelegea, inakula petroli na kuchemka kidogo zaidi ya kawaida, mara nyingi imechelewa taimingi. Fundi wa kwanza alikuwa mwangalifu kwa namna yake: kabla ya kugusa distributa aliikwaruza alama na bisibisi, na baada ya kufunga moduli aliirudisha kwenye alama ileile. Akaamini taimingi haijabadilika. Lakini pointi zilikuwa zinafunguka pale kamu ya distributa inapozisukuma, na moduli inaamka pale sumaku inapopita mbele yake. Pembe hizo mbili hazina undugu. Mwili wa distributa ulirudi palepale, ila cheche haikurudi palepale. Taa ya taimingi, inayomulika alama ya puli kila cheche inapotoka, ilionyesha digrii 7 za kuchelewa kuliko kitabu cha gari kinavyotaka.

Hapa kijana mmoja alibishana nami kwamba taa tumeifunga kwenye waya usio wa silinda ya kwanza, kwa sababu Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, sio upande wa rediata. Ana haki juu ya kuhesabu, na mafundi wengi waliozoea Toyota wamewahi kupotea hapo. Kwa kusoma taimingi lakini haidhuru kitu: moto unakwenda 1-3-4-2, silinda ya kwanza na ya nne hufika juu pamoja, na alama ya puli inaonekana mahali palepale ukiifunga taa upande wowote wa mwisho.

Distributa ikazungushwa mpaka kitabu kikatosheka. Kisha tukakanyaga mafuta polepole tukitazama alama, na hapa ndipo kisa kilipopata uzito wake. Ndani ya distributa kuna vizito viwili vinavyotanuka kadiri mzunguko unavyoongezeka na kuiwahisha cheche. Alama ilitakiwa ipande kwa ulaini. Ilikaa, ikakaa, halafu karibu na mizunguko 2,500 ikaruka. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa gundi. Mlimani, kwa gia ya tatu na mzigo, injini ya mzee inazunguka chini ya hapo, kwa hiyo ilikuwa inapanda Mai Mahiu ikiwa na cheche ya mwendo wa taratibu. Mfuko wa vakyumu nao ulikuwa umetoboka. Kipimo chake hakihitaji mashine: ng'oa hosi upande wa kabureta, vuta pumzi kwa mdomo, ziba kwa ulimi. Ukiwa mzima ulimi unanata. Huu haukunata hata kidogo.

Vitu hivi viwili hufanya kazi mahali tofauti, na wengi huvichanganya. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, vakyumu kwenye manifoldi inakaribia kwisha, kwa hiyo mfuko ule hausaidii wala haudhuru. Mlima ni wa vizito na taimingi ya msingi. Mfuko wa vakyumu ni wa tambarare, mguu ukiwa mwepesi, pale mchanganyiko ni mwembamba na unawaka polepole hivyo unahitaji kuwashwa mapema. Petroli ya mzee iliyokuwa ikipotea kwenye njia ya Naivasha kabla hata ya kufika mlimani, sehemu yake ilikuwa inapotelea kwenye tundu hilo.

Mfuko mwingine ulipatikana Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kutoka kwenye distributa iliyovunjwa. Vizito vilioshwa kwa petroli na kutiwa matone ya mafuta mepesi. Kazi hii ya saa chache, isiyo na kitu kipya cha kung'aa, ndiyo iliyorudisha gia ya tatu mlimani. Pointi zingekuwa bado ndani, matokeo yangekuwa karibu yaleyale. Mzee hakupenda kuambiwa hivyo, na namwelewa.

Plagi sasa. Karatasi ya seti ilishauri pengo la milimita 1.1, na fundi akalipanua kwa utii. Injini za pointi za zama hizo zilizaliwa na pengo la milimita 0.6 au 0.7. Pengo likipanuka, na hewa ndani ya silinda ikibanwa zaidi, volti inayohitajika inapanda. Mlimani ndipo silinda zinapojaa hewa zaidi kwa sababu kabureta iko wazi kabisa, na ndiyo sababu misi ya plagi hupenda mlima na kuchukia tambarare. Katika 504 kuna mtego wa ziada: plagi zimezama katikati ya kichwa cha injini, ndani ya visima virefu, na moto unashushwa kwa vijiti virefu vya plastiki. Sili za visima hivyo zikichoka, mafuta yanaingia na kulowesha vijiti. Visima viwili vilikuwa na mafuta. Usiku, taa zikiwa zimezimwa na injini ikinguruma, kijiti kimoja kilionyesha mstari wa buluu ukiruka kwenda kwenye chuma. Pengo la 1.1 lilikuwa limeufanya moto utafute njia nyepesi kuliko plagi. Sili mpya, kijiti kipya, plagi za kawaida zenye ncha moja kwa pengo la 0.7. Zile za ncha nne si mbaya, zinadumu, lakini cheche hutoka kwenye ncha moja tu kwa wakati mmoja na nyingine tatu zinasubiri zamu.

Redio ilikuwa kazi ndogo. Waya za buluu zilikuwa na shaba tupu ndani, bila upinzani wowote, na zilikuwa zinatangaza kila cheche kama kituo cha redio. Waya za kaboni zikamaliza kelele, na moduli nayo inazipenda zaidi.

Kabla ya kumkabidhi gari tulipima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, hatua ambayo ilipaswa kutangulia siku seti ilipouzwa. Silinda tatu zilitoa kati ya 9.0 na 9.2 kwa kipimo cha baa, ya nne ikatoa 6.4. Kitabu kinataka zaidi ya 9, lakini kitabu kinapimia usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa, kwa hiyo 9 ya hapa ni namba ya heshima. Ile 6.4 si ya heshima popote. Tulimimina mafuta kidogo ndani ya silinda na kipimo hakikupanda, maana yake ringi hazina hatia na hewa inatorokea kwenye valvu. Tapeti, kile kinachoisukuma valvu, haikuwa na nafasi kabisa kwenye valvu ya moshi. Valvu ilikuwa haifungi. Ikarekebishwa, silinda ikarudi 8.6. Kwa muda wote huo mzee alikuwa anaendesha pikapu ya silinda tatu na nusu, na alikuwa ameinunulia koili ya volti 40,000.

Mwinuko huu wa nchi una neno jingine juu ya cheche. Hewa nyembamba ndani ya silinda ikibanwa inafikia mgandamizo mdogo zaidi, na pengo lilelile linarukwa kwa volti chache kuliko Mombasa. Anayeishi Nairobi, Nakuru au Eldoret ana sababu ndogo zaidi ya kununua koili kubwa kuliko anayeishi Likoni. Anachokosa ni hewa, na hewa haiuzwi kwenye boksi la plagi. Injini ya nchi ya juu huvumilia taimingi ya kuwahi kidogo zaidi, kwa kuwa mgandamizo mdogo hauleti upesi kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka kwa kishindo. Tuliiongezea digrii 2 juu ya kitabu, tukasikiliza mlimani, haikugonga. Kwa anayeshuka Mombasa na mzigo kila wiki nisingelifanya hilo.

Kilichobaki ni petroli. Gari sasa linakwenda kilomita 8 na kitu kwa lita, juu kidogo ya alipokuwa kabla ya seti. Plagi zilitoka na weusi mkavu, dalili ya petroli nyingi mno. Kabureta yenye jeti (vitundu vya kupitisha petroli) zilizochaguliwa kwa nchi ya chini hutoa mchanganyiko mzito ikipandishwa huku, takriban asilimia 10 ya ziada kwa urefu wa Nairobi, na zaidi ukifika Rironi. Hili pia linaeleza lile jambo moja zuri alilolisema mzee tangu mwanzo, kwamba asubuhi gari linashika upesi: plagi zilizolowa na masizi ndizo zinazofaidi akiba ya koili kubwa. Seti ilikuwa inaficha kabureta inayomwaga petroli nyingi mno. Jeti za ukubwa mmoja chini zimeagizwa, kiboya cha kabureta kitapimwa siku hiyohiyo, na hapo ndipo ninapotarajia kilomita zake zilizobaki.

Moduli nimeiacha ndani. Inalishwa vizuri sasa na itakaa. Lakini moduli ikifa haikuonyi, inakata tu, na njia ya Naivasha usiku si mahali pa kusubiri fundi. Pointi na kondensa yake ya zamani ziko kwenye kopo chini ya kiti, pamoja na kipande cha msasa na karatasi yenye mchoro wa waya zipi zinarudi wapi. Mzee mwenyewe tulimfanya azifunge mara moja, injini ikawaka, kisha akazitoa.